Moto si Ambulansi: Majeruhi wa Tchomia wasiendelee kufia njiani

Ndugu zetu, dada zetu, wa Tchomia, wa Kasenyi, wa Bunia, na nyinyi wote mnaotusoma kwa simu huku chaji inaisha,

Leo hatutangazi maandamano wala ville morte. Leo tunaanza na kukiri kosa letu, kisha tutasema nini tunadai. Tunaanza na kosa letu juu mtu akinyooshea serikali kidole huku anaficha mkono mwingine nyuma ya mgongo, wakubwa wanamwona.

Jioni moja, jua likizama kwenye ziwa, kamyo iliyobeba samaki iligonga moto kwenye barabara ya kati ya Kasenyi na Tchomia. Juu ya moto kulikuwa watu wawili: mwenzetu mmoja motari, na mama muuza samaki aliyekuwa anarudi kwake. Sisi tulikuwa karibu, tukakimbia. Mama alikuwa analia kwa sauti, mkono wake umevunjika, mfupa unaonekana. Mwenzetu alikuwa amekaa chini, ametulia. Alikuwa na kidonda kwenye paji la uso kilichotoa damu nyingi, paja limevimba, na alisema maneno mawili tu: "Nasikia baridi." Baadaye akaomba maji.

Tulifanya nini? Tulifanya kile kila mtu hapa angefanya. Mama aliyelia tulimpandisha kwa moto ya kwanza iliyopita. Mwenzetu tulimfunga kitambaa kwenye paji la uso, tukampa maji anywe, halafu tukaanza kubishana. Mmoja: "Tumupeleke hospitali ya hapa karibu." Mwingine: "Apana, kule Bunia njo kuko waganga wakubwa." Wa tatu: "Tungoje asubuhi, tumuvushe ziwa, Uganda iko na mashine." Tukapiga simu kutafuta gari. Rezo inakuja, rezo inaenda. Tukachanga franka za mafuta. Dakika zaidi ya 40 zikapita hapo, mtu amekaa juu ya majani. Mwishowe tukamkalisha kwa moto, katikati ya motari na mmoja wetu aliyemshika kwa nyuma, mguu uliovunjika unaning'inia upande mmoja. Tukageuzia mgongo hospitali iliyokuwa karibu, tukashika njia ya Bunia.

Aliaga dunia kwenye mlima, kabla ya Bogoro. Aliyemshika hakujua ni saa ngapi hasa. Alidhani amesinzia.

Mama wa mkono uliovunjika yuko mzima. Bado anauza samaki. Tukipita mbele ya meza yake anatuita, anatuuliza habari za familia ya yule kijana. Siku nyingine tunazunguka nyuma ya soko juu ya kutokupita mbele yake.

Tulichojifunza baada ya kuzika

Wengi wetu tuko na diplome. Tumesoma miaka mitano chuo kikuu, kazi hakuna, tunakaa na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. Lakini hakuna aliyetufundisha hata siku moja namna ya kuzuia damu ya mtu isimwagike. Baada ya msiba tulienda kuuliza. Tuliuliza wauguzi, tuliuliza wanafunzi wa tiba, tukasoma. Kila jibu lilikuwa kama kofi.

Mtu mwenye majeraha mengi kwa mara moja, yule waganga wanamwita politromatize, anaweza kufa kwa kitu usichokiona. Kidonda cha paji la uso kinatoa damu nyingi na kinatisha, lakini mara nyingi sicho kinachoua. Mwili wa mtu mzima una damu ya karibu litre 5. Mfupa wa paja ukivunjika, litre 1 hadi 1 na nusu inaweza kujificha ndani ya paja bila tone moja kuonekana nje. Nyonga ikivunjika inaweza kuwa mbaya kuliko hapo. Tumbo nalo linaweza kumeza damu kimya kimya. Na mwili wa kijana unadanganya: unajikaza, presha inabaki karibu sawa, mpaka karibu sehemu ya 30 kwa 100 ya damu imepotea. Halafu anaanguka kwa mara moja. Yale maneno, "nasikia baridi", ile kiu, ule utulivu, zilikuwa alama. Mwenzetu alikuwa anatuambia kwamba anakufa, na sisi tukasema yeye ni mwanaume, amevumilia.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: anayelia ana pumzi ya kulia. Tazama kwanza anayenyamaza.

Sheria ya pili inahusu moto. Sisi wote tunaishi kwa moto. Moto inabeba mama wa uzazi, inabeba mifuko ya makala, inabeba jeneza. Lakini mtu aliyevunjika paja au nyonga, ukimpandisha miguu huku na huku, unapanua nyonga, unasukuma mfupa uliovunjika ndani ya nyama na mishipa. Kila shimo la barabara ni kisu. Na kama anapoteza fahamu akiwa amekaa, kichwa kinaanguka mbele, ulimi na damu vinaziba njia ya hewa, na aliye nyuma yake hawezi kuona kitu. Inawezekana mwenzetu hakuishiwa damu tu. Inawezekana alikosa hewa, mikononi mwetu, sisi tukimshika kwa nguvu juu ya asianguke. Hilo tunalibeba.

Wazee wetu walikuwa na tipoyi. Vijiji vya juu ya mlima mpaka leo vinabeba wagonjwa kwa tipoyi, watu wanne, wanane, wanapokezana. Sisi wa ziwani na wa mjini tumeicheka, tunasema ni mambo ya porini. Lakini mgonjwa wa tipoyi amelala, amenyooka, na kuna mtu anayemwona uso. Kwa kilometa mbili au tatu za kwanza, tipoyi ni bora kuliko moto. Na hapa Tchomia ubao haukosekani: tuko na mbao za mitumbwi, tuko na milango, tuko na bashi. Pickup za samaki nazo zinapita.

Swali la njia: karibu au mbali?

Hapa njo kuna ubishi mkubwa, na hapa njo tulikosea zaidi.

Kutoka Tchomia mpaka Bunia ni yapata kilometa 60. Kwa karatasi, ni saa moja. Lakini ziwa letu liko kwenye mita karibu 620 juu ya bahari, na Bunia iko karibu mita 1,270. Maana yake unapanda ukuta. Ukiongeza mvua, matope, kamyo iliyokwama katikati, na bariere, saa moja inakuwa mbili, inakuwa tatu. Usiku, hata mwenye gari anakwambia tungoje kesho. Na kila mtu anajua juu ya nini watu wanaogopa hii barabara usiku. Bogoro haijasahau tarehe 24 mwezi wa pili 2003. Tchomia haijasahau tarehe 31 mwezi wa tano mwaka uleule.

Sasa mtu anayetoka damu ndani ya tumbo hahitaji mganga mkubwa. Anahitaji mganga yeyote anayeweza kufungua tumbo, kufunga mshipa, na kumpa damu ya mtu mwingine, na anahitaji hiyo haraka. Mpango wa afya wa nchi yetu unasema hospitali kuu ya kila zone ya afya inapaswa kuweza kufanya upasuaji na kuongeza damu. Basi hesabu ni rahisi: unaenda kwanza hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji. Kule mganga atamtazama, atamfunga, atampa damu, halafu yeye njo ataamua kama anapanda Bunia na anapanda namna gani. Bunia ina mahali pa kupokea majeruhi wakubwa. Kliniki ya Salama, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa upasuaji, imepokea watu wengi wa risasi na wa mapanga kutoka pande zote za Ituri. Lakini Bunia ni ya mtu aliyefika akiwa hai.

Kuna mtu atauliza: na kama hospitali ya karibu haina damu, haina mganga usiku ule? Swali la haki kabisa. Njo maana simu inatangulia. Unapiga kabla ya kumpakia: mganga yuko? damu iko? sindano ya usingizi iko? Kama jibu ni hapana, ujue sasa hivi, usijue mlangoni. Na katika gari usipande na watu wanane wa kulia. Panda na wawili watatu wanaojua groupe yao ya damu. Jamaa anayelia hapo nje anaweza kuwa amebeba dawa ndani ya mkono wake na hajui.

Na wale wa Uganda? Mwaka 2018 maelfu ya watu wetu walivuka hili ziwa wakikimbia vita, tunajua njia. Mtu wa mguu uliovunjika peke yake, aliyefungwa vizuri, anaweza kuvuka kesho kama familia inataka. Mtu anayetoka damu ndani hawezi. Saa nyingi ndani ya mtumbwi, amelowa, upepo unampiga: baridi inazuia damu kuganda, na damu isiyoganda haisimami. Mfunike mgonjwa wako na kikwembe kikavu hata kama wewe unasikia joto.

Mambo matano ya mikono yetu

Hatuandiki haya kama waganga. Tunaandika kama watu waliochelewa kujua. Yabebeni, yatumeni kwenye vikundi vyenu:

Moja, damu inayomwagika. Kandamiza kwa kitambaa safi, kwa mikono miwili, kwa uzito wa mwili wako, usiinue kila dakika kutazama. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka bado, funga garo: kitambaa kipana cha vidole vitatu, juu ya kidonda, si juu ya kiungo, zungusha na kijiti mpaka damu isimame. Usitumie kamba nyembamba wala waya. Andika saa kwenye ngozi yake. Usilegeze njiani, hiyo ni kazi ya mganga.

Mbili, hewa. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa na shingo vikifuata mwili pamoja, matapishi na damu vitoke nje. Usimwache chali peke yake.

Tatu, usimpe maji, chai, wala pombe. Kama atapasuliwa, tumbo lililojaa linaweza kumwua. Lowesha midomo tu.

Nne, mbebeni watu wanne, kwa pamoja, kwa hesabu moja. Mgeuzeni kama gogo, mumlaze juu ya ubao. Mguu uliovunjika fungeni kwa fito mbili au kwa mguu mwenzake. Ukidhani nyonga imevunjika, zungusha kikwembe kwenye nyonga, pale mapaja yanapoanzia, kaza. Kisu, fito au chuma kilichoingia mwilini, msikichomoe.

Tano, usipoteze saa. Zuia damu, fungua hewa, funika, ondoka. Michango ya mafuta itafuata nyuma yenu.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Tumesikia hiyo. Basi sikilizeni habari za watu kama sisi. Kaskazini mwa Iraq na Kambodia, nchi za vita, za mabomu ya ardhini, barabara mbaya, hospitali mbali kwa saa nyingi, watu walifundisha wanakijiji maelfu huduma ya kwanza, pamoja na wauguzi wachache wa vijijini wenye ujuzi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika miaka 5, vifo vya majeruhi vilishuka kutoka 40 kwa 100 hadi karibu 15 kwa 100. Barabara hazikuwa zimetengenezwa. Kilichobadilika ni mikono iliyomgusa mgonjwa wa kwanza.

Ghana walifundisha madereva wa magari ya abiria 335. Kampala, hapa ng'ambo, walifundisha watu 307: polisi, madereva wa taksi, viongozi wa mitaa. Kampala wana barabara za lami, na bado waliona kwamba majeruhi anabebwa na nani aliye karibu. Motari wa Tchomia ana akili ndogo kuliko dereva wa Kumasi?

Na kuna dawa. Inaitwa asidi traneksamiki, inasaidia damu isiendelee kutoka. Mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya majeruhi wanaotoka damu, ila ipewe mapema, ndani ya saa 3. Baada ya saa 3 haina faida, inaweza hata kudhuru. Si dawa ya bei ya ajabu. Shirika la Afya Ulimwenguni liliiweka katika orodha ya dawa za lazima. Sasa fikirieni: saa 3, na njia yetu ya Bunia. Dawa hii ikikaa Bunia peke yake, kwa mtu wa Tchomia ni kama haipo. Mahali pake ni huku chini, kwenye kituo cha afya, mkononi mwa muuguzi.

Wenzetu wanaotupinga

Ndani ya vikundi vyetu kuna waliosema: mkiwafundisha watu kujisaidia, mnaondolea serikali mzigo. Tunawaheshimu, juu hoja yao si ya kijinga. Hii nchi imezoea kutuambia "jitegemeeni", mpaka raia anachimba barabara kwa jembe huku pesa ya barabara imeliwa. Tunajua.

Lakini jibu letu ni hili. Hata katika nchi tajiri, ambulansi inakuta mtu amelala chini kwa dakika kadhaa, na katika zile dakika yuko mikononi mwa wapita njia. Zile dakika hazina serikali. Ni zetu. Na kuna jambo lingine: kijana anayejua kwamba rafiki yake alikufa kwa kukosa chupa mbili za damu na sindano moja, huyo atadai vizuri kuliko anayesema "ni mapenzi ya Mungu". Ujinga wetu ulikuwa unawalinda wakubwa. Kila mazishi tulisema "siku yake ilikuwa imefika". Nani ataulizwa kama siku ilikuwa imefika?

Wengine wanaogopa polisi: nikigusa majeruhi, watasema mimi njo niligonga. Woga huu tunauelewa, uko na sababu. Lakini mjue kwamba sheria ya makosa ya jinai ya Congo inaadhibu anayekataa kumsaidia mtu aliye hatarini, si anayesaidia. Kama kuna afisa anafanya kinyume, andikeni mahali na saa, tuleteeni.

Tunachodai

Katiba yetu, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Aprili 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka 15 kwa 100 ya bajeti kwa afya. Maneno yako. Sisi tunadai vitu vidogo, vya kugusa kwa mkono:

1. Kwa zone ya afya ya Tchomia na divisheni ya afya ya mkoa: kila kituo cha afya kando ya ziwa na kando ya barabara kiwe na sanduku la majeraha: bandeji, garo, fito za kufungia, serumu, asidi traneksamiki, na muuguzi aliyefundishwa kuvitumia. Na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana, ikiandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

2. Kwa uongozi wa kijeshi wa mkoa, ulioko tangu hali ya dharura ya mwezi wa tano 2021: amri ya maandishi, ibandikwe kwenye kila bariere: majeruhi anapita, saa yoyote, bila kulipa, bila kushushwa. Askari anayeomba pesa kwa mtu anayekufa hana tofauti na yule aliyempiga.

3. Kwa chefferie ya Bahema Banywagi na wote wanaotoza ushuru kwenye soko la samaki na kwenye pwani: sehemu ya ule ushuru iwe mfuko wa mafuta ya kubeba majeruhi, hesabu ibandikwe kila mwezi mbele ya watu. Familia isiulizwe mafuta kabla ya mgonjwa kupakiwa. Deni litalipwa, maiti haimlipi mtu.

4. Kwa serikali ya Kinshasa: barabara ya Bunia–Bogoro–Kasenyi–Tchomia itengenezwe na ilindwe. Hii barabara inashusha bidhaa na inapandisha samaki, inawaingizia pesa. Ipandishe na watu wakiwa hai.

5. Kwa kila mwenye silaha, wa upande wowote: majeruhi, muuguzi na gari la wagonjwa haviguswi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema, na hata kabla ya mikataba wazee wetu walijua. Mwezi wa tatu 2024 mgonjwa aliuawa akiwa kitandani ndani ya hospitali ya Drodro, mkoani kwetu. Tuliona aibu kwa ajili ya nchi nzima. Damu ya mtu wa Drodro, ya Bogoro, ya Zumbe, ya Tchomia inaingia kwenye chupa ileile, na muuguzi anatazama groupe, haulizi kabila.

Msituambie haiwezekani. Mwezi wa tisa 2018, Ebola ilipofika hapa Tchomia, tuliona magari, tuliona simu zinapokelewa, tuliona mtu anafuatwa mpaka nyumbani kwake kijiji kwa kijiji. Dunia iliogopa, ikaja. Majeruhi wetu haambukizi mtu. Ni kosa lake hilo?

Na sisi wenyewe

Hatutadai tukiwa tumekaa. Tumeanza kuandika orodha ya motari na wenye pickup wanaokubali kuamshwa usiku. Tunaandika vijana wanaojua groupe yao ya damu. Wasiojua waende wapimwe. Tutaomba watu wa Croix-Rouge na wauguzi wetu watufundishe, kikundi kwa kikundi, kuanzia motari wa parking, wavuvi wa pwani na mama wa soko. Tumechonga mbao mbili za kubebea, za kwanza. Moja itakaa parking ya moto, moja kando ya mitumbwi. Atakayeiiba kwa kupikia, tutajua.

Tuko na muda. Ndiyo uchungu wa kukosa kazi: muda uko mwingi. Basi tuutumie.

Mama yake mwenzetu alituuliza swali moja tu siku ya matanga. Hakutulaumu. Aliuliza: "Wanangu, alisema nini mwisho?" Tukamwambia alisema anasikia baridi. Akasema: "Basi mungemufunika." Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Tuko na hili andiko, ubao mbili, na orodha ya majina inayoongezeka. Andika lako.

Vijana wa Tchomia